Mwalimu Yohanes na Ungo wa Vizibo

Mtu akitaja "asilimia mia" mbele yangu, mate yananijaa mdomoni nayatema. Sisemi kwa utani. Nimepika uji wa shule miaka kumi na minne hapa Nyamigogo, na mbuzi wa asilimia mia nimempika mara saba. Kila mbuzi niliyempika, ukiacha wa mwisho, nilikunywa supu yake, nikalamba na vidole. Kwa hiyo hiki kinyaa ninachokieleza msidhani ni cha watu wengine tu, kingine najionea mimi mwenyewe.

Jina langu Domisiana, ila hapa kijijini mimi ni Mama Pancras. Habari zangu ziacheni. Nataka niwaeleze Mwalimu Yohanes, maana ameondoka, na hawa waliobaki wameanza kumchambua kama mchicha: ati mkorofi, ati alikimbia kituo cha kazi siku ya mtihani. Khaa! Ulimi hauna mfupa kweli.

Yohanes ni Mhangaza wa Nyakisasa, upande wa Ngara. Nilipoanza kazi ya jiko nilimkuta tayari ana miaka mitano hapa, mwembamba, koti moja la kahawia lenye mifuko iliyojaa vumbi la chaki. Mimi nilikuwa namcheka anavyosema "kurara" badala ya kulala, yeye ananicheka kwa uji wenye mabonge. Kila asubuhi anapita jikoni, "Habari za moto, Mama Pancras," anakunywa kikombe kimoja amesimama, anaondoka. Hakuwahi kuomba cha pili.

Jambo lake lilikuwa moja. Mwalimu kila siku anaandika andalio la somo, yaani daftari linalosema leo utafundisha nini, dakika ngapi, na watoto watafanya nini. Yohanes alikuwa na madaftari mawili. La kwanza lina jalada safi, la kuonyesha ofisini. La pili lilikuwa limekunjwa kunjwa, na humo kila mtoto ana ukurasa wake. Huyu haoni ubaoni, akae mbele, asomewe. Huyu ana kigugumizi, ajibu kwa kuimba. Huyu hatulii, apewe kazi ya kuhesabu hatua kutoka darasani hadi chooni na kurudi. Nilimuuliza siku moja, "Mwalimu, kwa nini unajichosha na madaftari mawili?" Akasema, "Hili la ofisi linafundisha darasa. Mimi sijawahi kukutana na mtoto anayeitwa Darasa."

Sasa nije kwa Anjelika. Huyu ni binti wa jirani yangu Sindayigaya. Sindayigaya aliingia nchi hii akiwa mgongoni mwa mama yake, wakitokea Burundi. Alikulia kambini huko Ngara, na katika ujana wake alipakiwa kwenye lori mara mbili na watu wenye karatasi, bila kuulizwa. Baadaye akaja huku, akapata shamba, akaoa, akatulia. Ni mtu mpole, wa kunyamaza, na ni mwaminifu mpaka inakera. Ukimwazima jembe analirudisha limeoshwa.

Anjelika alizaliwa na mikono iliyokakamaa. Vidole vimejikunja kwenye viganja, kalamu haishikiki. Anaongea polepole lakini ukimsubiri unamwelewa kila neno. Tatizo ni kwamba shuleni hakuna mtu wa kumsubiri. Miaka mitatu, tangu awali, alikaa dawati la nyuma kabisa, walimu wanasema, "Huyu asikilize tu." Asikilize tu! Kama redio iliyozimwa kipaza. Mama yake alikuwa anamleta kila asubuhi, akiulizwa mbona unajisumbua anajibu, "Ng'ombe haelemewi na nunduye," anaondoka zake.

Yohanes alimpokea darasa la tatu. Siku moja wakati wa mapumziko mtoto alikuja jikoni, akakaa karibu yangu. Mimi nilikuwa nachambua maharage kwenye ungo. Nikamwona anasukuma mawe kwa kifundo cha mkono, tiki, tiki, tiki, jiwe moja baada ya jingine, anayapeleka ukingoni. Alikuwa ananishinda mwendo. Yohanes alikuja kuchukua uji wake, akasimama na kikombe hewani kama mtu aliyesahau kinywa kiko wapi.

"Mama Pancras, niazime huo ungo."

"Nichambulie maharage wapi?"

"Kichwani kwangu. Nina upara wa kutosha."

Aliuchukua. Jumamosi hiyo alionekana senta anaokota vizibo vya soda mbele ya maduka, watu wakamcheka kwamba mwalimu sasa ameanza biashara ya chuma chakavu. Akavipaka rangi iliyobaki ya ubao wa matangazo, akaandika herufi na tarakimu, kila herufi mara kadhaa. Jumatatu akaweka ungo mapajani mwa Anjelika. Kwenye dawati vingedondoka, lakini ungo una ukingo, kizibo hakiendi popote. Mtoto anasukuma kwa kifundo.

Mama wee! Sikuwahi kuona kitu kama kile. Mwalimu anasema saba mara nane, wenzake bado wanahesabu vidole chini ya dawati, tano na sita zimeshakaa katikati ya ungo. Baada ya miezi alikuwa anapanga sentensi nzima. Asubuhi moja aliniletea ungo jikoni, mimi nasoma polepole kwa sababu niliishia la nne, nikasoma herufi moja moja: UJI WA LEO UMEUNGUA. Nilimfukuza na mwiko huku nacheka mpaka machozi. Na kweli ulikuwa umeungua.

Basi mtoto akapanda darasa la nne, na Yohanes akapanda na darasa lake. Darasa la nne lina upimaji wa taifa, na asiyeuvuka anarudia. Anjelika hilo alilijua vizuri. Alikuwa anataka darasa la tano kwa sababu moja ya kitoto: wa la tano ndio wanaopiga kengele, na alishagundua kwamba chuma cha kengele kinapigika kwa kiwiko. Alikuwa akipita pale anakigusa.

Mwalimu mkuu wetu anaitwa Gidioni. Tai kila siku, hata siku ya kulima shamba la shule. Mwaka ule alikuwa amekwenda semina ya elimu jumuishi siku tatu, akarudi na begi, kalamu na bango. Bango akalibandika nyuma ya kiti chake: KILA MTOTO ANA HAKI YA KUJIFUNZA. Ukiingia ofisini unaona kichwa cha Gidioni na juu yake yale maneno, kama picha ya mtakatifu.

Ikaja Oktoba. Mimi kila asubuhi mwalimu wa zamu ananiletea kikaratasi cha idadi ya watoto, ndipo napima unga. Darasa la nne walikuwa hamsini na nane. Wiki mbili kabla ya upimaji kikaratasi kikaja kinasema hamsini na saba. Nikachungulia nje, nikawahesabu kwenye foleni. Hamsini na nane.

Hapa ndipo ninapojionea kinyaa. Maana hiyo haikuwa mara ya kwanza. Kila Oktoba idadi ya darasa la nne inapungua: mwaka huu watatu, mwaka ule wawili, mwingine wanne. Wote ni wale wazito, wasiosikia vizuri, wa kuanguka kifafa. Wiki ya upimaji hawaonekani, na baadaye wengine hawarudi kabisa. Na mimi nilikuwa napunguza vikombe. Sikuuliza. Nilijiambia mambo ya ofisini ni ya ofisini, mpishi apike. Januari matokeo yanakuja asilimia mia, mbuzi anachinjwa, Domisiana analamba vidole. Ptuu!

Safari hii nilimuuliza Yohanes. Hakujua. Uso ulimbadilika, akaweka kikombe chini hata hajamaliza, akaenda ofisini. Mimi nikabeba birika la chai nikamfuata. Chai haikuwa imeagizwa na mtu.

Gidioni hakuficha chochote, na hilo ndilo lililonichefua zaidi. Alieleza kwa upole kama anaeleza ratiba ya usafi.

"Mwalimu, yule binti nimemhamishia shule moja kule kwenu Nyakisasa. Kwenye mfumo wa kompyuta tu. Mkuu wa kule ni rafiki yangu, tumeelewana. Siku ya upimaji ataandikwa hayupo, basi, imekwisha. Sisi tunabaki na asilimia yetu."

"Mkuu, yule mtoto ni wa tatu darasani kwangu."

"Wa tatu kwenye ungo. Kwenye karatasi ni wa ngapi?"

"Tuombe apimwe kwa ungo. Au nimwandikie anachopanga, msimamizi akiwa anaona. Au aongezewe muda. Kijitabu ulichokuja nacho kwenye semina kinasema mwalimu anaweza kulegeza mtaala umfae mtoto. Ukurasa wa kumi na moja, nimeusoma."

"Hayo ni ya semina," alisema Gidioni.

Nilitaka kumwaga lile birika.

"Mtaala ni mmoja nchi nzima," akaendelea. "Ungo haumo kwenye mtaala."

"Na mtoto yumo?"

"Mwalimu Yohanes, usinipandishe presha. Mama Pancras, weka chai utoke."

Niliweka chai. Lakini mdomo wangu haukutulia, nikamwambia, "Mkuu, hujafa hujaumbika." Akacheka. Alicheka kweli, akaniambia niangalie uji usiungue. Yaani hata utani wa mtoto alikuwa ameusikia, na bado.

Yohanes aliandika barua ya kuomba, akaipeleka mwenyewe kwa afisa elimu kata. Akaambiwa amechelewa, mambo kama hayo huombwa mapema na mwalimu mkuu. Akarudi kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akasema si umesikia, umechelewa. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Sasa Gidioni alikuwa na hofu moja: kwamba mtoto atakuja shuleni siku ya upimaji, msimamizi mgeni amwone na ule ungo wake, aulize. Akaamua kuwapelekea wazazi barua wamweke nyumbani. Ilikuwa mistari miwili na muhuri mkubwa. Niliiona baadaye kwa macho yangu: "Mwanafunzi Anjelika Sindayigaya amehamishiwa Nyakisasa, wilaya ya Ngara. Asionekane tena katika shule hii." Kwa Gidioni ile ilikuwa karatasi ya kumnyamazisha mtu maskini. Alitegemea watakaa kimya, maana watu wa kule Burundi, alivyozoea kusema, hawana maswali.

Na kweli Sindayigaya hakuuliza. Barua ilimfikia Jumatatu jioni. Mimi jirani yake sikusikia kelele, sikusikia kilio.

Jumanne asubuhi nafungua mlango kwenda jikoni shuleni, nikakuta ungo wangu umeegemezwa ukutani. Umeoshwa. Ndani yake kuna kitambaa kimefungwa fundo, nikakifungua, vizibo vyote, hakuna hata kimoja kilichopungua. Nikakimbia kwa Sindayigaya. Mlango umefungwa kwa kamba, kuku hawapo, majivu ya jikoni yamemwagiwa maji. Maharage mabichi shambani, yaliyobakiza wiki tatu kukomaa, yameng'olewa yote na mashina yake.

Mnaelewa alichokifanya? Yule mtu alisoma jina la Ngara chini ya muhuri wa serikali. Maishani mwake karatasi ya namna hiyo imekuja mara mbili, na mara zote mbili nyuma yake lilikuja lori. Hakufikiri kwamba kuna mtu mzima, mwalimu, mwenye tai, anayeweza kumhamisha mtoto kwa uongo ili apate mbuzi. Aliona familia nzima inaondolewa. Akaona bora aende mwenyewe na mguu wake kabla hawajaja kumbeba. Na kwa kuwa ungo ni wa Mama Pancras, na mtu hahami na kitu cha jirani, akaurudisha. Uaminifu wake ndio uliommaliza mwanawe.

Siku nzima tulidhani wamevuka mpaka. Yohanes aliomba ruhusa awatafute, Gidioni akamnyima: wiki ya upimaji mwalimu haondoki. Na tena akasema, nilimsikia kwa masikio haya, "Si ndivyo bora? Sasa amehama kweli, karatasi imekuwa halali."

Jumatano, siku ya kwanza ya upimaji, kama saa moja asubuhi, simu ya Yohanes ikaita akiwa jikoni kwangu. Ilikuwa sauti ya Sindayigaya, kwa simu ya kuazima.

"Mwalimu, shikamoo. Tumefika."

"Mmefika wapi?"

"Hapa mlipotupeleka. Nyakisasa. Tupo shuleni, na jina la Anjelika lipo ukutani, nimeonyeshwa. Mkuu wa hapa ameshtuka kutuona lakini msimamizi amesema jina likiwepo na mtoto akiwepo, anaingia. Ila wanamtaka ashike kalamu, mwalimu. Nimewaambia mtoto wangu anaandika kwa ungo, wanacheka. Ule ungo niliurudisha. Sikutaka tuitwe wezi."

Yohanes alikata simu, akanitazama. Nikamkabidhi ungo na kitambaa. Hakuaga ofisini. Alipanda pikipiki mpaka barabara kuu, akapata gari la kwenda Ngara, akashuka akapanda pikipiki nyingine, ungo ameukumbatia kifuani abiria wote wanamwona kichaa. Vizibo vilikuwa mfukoni, kwenye koti lile lile la kahawia.

Alifika saa sita mchana. Wakati huo watoto walikuwa kwenye somo la pili, hesabu. Haya aliyonieleza nayaeleza kama alivyoyasema. Alimkuta Sindayigaya amekaa chini ukutani na mizigo yake na kuku ndani ya tenga. Akamwona msimamizi mlangoni, akamwamkia kwa heshima, akaeleza. Msimamizi alikuwa kijana mstaarabu, hakumtukana. Alisema, "Mwalimu, nakuelewa, lakini nina maelekezo ya karatasi na kalamu. Ungo siuoni popote. Nikiuruhusu kazi yangu imekwisha."

Yohanes akaenda dirishani. Anjelika alikuwa dawati la mbele. Kalamu wamemfunga mkononi kwa kipande cha kitambaa, wazo la mtu mwenye huruma, na jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Aliinua kichwa akamwona mwalimu wake dirishani na ungo. Akatabasamu. Alidhani ungo unaingia. Yohanes anasema alisimama pale mpaka muda ukaisha, hawezi kuingia, hawezi kuondoka, mtoto anaandika kidogo, anautazama ungo, anaandika kidogo tena. Alhamisi ikawa hivyo hivyo.

Baada ya kila kitu alimuuliza, "Umeandika nini, mwanangu?"

"Namba yangu," akasema. "Walisema tuandike namba ya upimaji kwenye kila ukurasa. Nimeiandika kila ukurasa, mwalimu, hakuna niliouruka. Halafu muda umeisha."

Masomo yote. Mtoto wa saba mara nane, mtoto aliyenitania uji wangu kwa sentensi iliyonyooka, ametoa kurasa na kurasa za namba yake tu. Na ile namba aliiandika kwa sababu ni mtiifu.

Yohanes aliporudi alikuta barua ya onyo mezani. Ameacha kituo cha kazi siku ya upimaji bila ruhusa. Barua ile ilikuwa kurasa mbili. Tazama kinyaa hicho: ya kumwondoa mtoto ilitosha mistari miwili.

Na Sindayigaya? Alipoelezwa kwamba hakuna lori, kwamba hakuna aliyemfukuza, kwamba ni mwalimu mkuu tu alikuwa anapanga hesabu zake, alifunga upya kamba ya tenga la kuku. Halafu akauliza kama karatasi nyingine itakuja kumwambia arudi. Yohanes akasema hapana, anaweza kurudi tu. Akakataa. "Bila karatasi sirudi," alisema. "Maharage nimeshayang'oa." Ndugu mmoja wa Yohanes akampa kipande cha shamba cha kulima huko huko Nyakisasa.

Januari matokeo yakatoka. Shule yetu asilimia mia. Ile ya Nyakisasa wote wamevuka isipokuwa mmoja. Gidioni alipiga kengele mwenyewe, akakusanya watoto, akasema bidii hulipa, akasema samaki mkunje angali mbichi. Bango lilikuwa limehamishwa kutoka ofisini likatundikwa mlangoni, wageni walione.

Wiki hiyo hiyo Yohanes aliingia ofisini na barua moja ya maombi. Uhamisho, kwenda Nyakisasa, kufundisha darasa la nne. Gidioni aliipitisha siku hiyo hiyo, nadhani kwa furaha. "Unakwenda kufundisha mtu mmoja?" alimuuliza. Yohanes akajibu, "Hapa nilikuwa nafundisha hamsini na nane, mmoja mmoja."

Wakubwa wakauafiki upesi uhamisho ule, na siku aliyoondoka ikawa ndiyo siku ya mbuzi. Alikuja jikoni mchana na begi lake, kuaga. Mimi nilikuwa nimeamka alfajiri, mbuzi ameiva, ananukia mpaka barabarani. Ndiyo, nilimpika. Mkono ulikuwa umezoea sufuria kuliko unavyonisikiliza mimi. Yohanes akaomba kikombe chake cha uji, akanywa amesimama. Nikamtazama na lile koti, na ungo wangu, ambao Sindayigaya alikuwa amemrudishia tena, ameuweka chini ya kwapa, nikafunua sufuria ya mbuzi.

"Mwalimu, leta hiyo ndoo yenye mfuniko."

"Ya nini?"

"Leta ndoo, usiniulize."

Nilipakua nyama yote. Mapaja, mbavu, maini, mpaka kichwa. Nikafunika, nikaifunga kamba. "Mpelekee Anjelika na baba yake. Na huo ungo ni wa mtoto sasa, nitachambulia maharage kwenye sahani." Alitaka kukataa, nikamwinulia mwiko. Akaondoka na pikipiki, ndoo katikati yake na dereva.

Saa tisa wageni wakakaa. Afisa elimu kata, wajumbe wa kamati ya shule, walimu wote na tai zao. Nikawaletea wali, sahani baada ya sahani, mweupe peee. Wakasubiri. Gidioni akasubiri, akakohoa, mwishowe akaniinamia kwa tabasamu la wageni.

"Mama Pancras, nyama iko wapi?"

"Ipo, mkuu," nikasema, na sikushusha sauti. "Imehamishiwa Nyakisasa, wilaya ya Ngara. Kwa hapa kwetu isionekane tena."

Afisa elimu kata alicheka, alidhani ni utani wa wapishi. Walimu hawakucheka. Waliinama kwenye sahani zao wakaanza kula ule wali mtupu, kijiko baada ya kijiko, hakuna aliyenyanyua macho. Gidioni uso ulimwiva. Jioni hiyo hiyo nilikabidhi ufunguo wa jiko, na sijautamani tena.

Anjelika anarudia darasa la nne. Yohanes ameomba ungo uruhusiwe Oktoba ijayo, safari hii ameomba mapema, Februari, kwa barua tatu. Amejibiwa linashughulikiwa. Mnajua wenyewe hilo neno linavyokaa.

Siku mbili baada ya mbuzi simu yangu iliita, Yohanes anacheka hata hawezi kusema. Akaniambia Anjelika amepanga ujumbe kwenye ungo, ngoja nikusomee kama ulivyo. Akasoma: "BIBI, NYAMA IMEFIKA. IMEUNGUA."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye kizingiti. Halafu nikazikumbuka zile kurasa zenye namba tupu, na kicheko kikaniishia.